Wengi Wamepiga, Mmoja Amekufa: Korti Hupimaje Kosa?

Watu ishirini wamemkamata mwizi wa kuku. Kila mmoja amempiga, na mwizi amekufa, wala haijulikani ni fimbo ya nani iliyomtoa roho. Je, nani ameua? Tena, je, ni kuua kwa kukusudia au ni kuua bila kukusudia? Wengi hudhani ya kuwa fimbo zikizidi, kosa hugawanyika kama nyama ya karamu, kila mtu akapata kipande kidogo. Sivyo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi korti za Afrika ya Mashariki zilivyolipima jambo hili.

Sheria za Adhabu zilizowekwa Tanganyika na Kenya mwaka 1930 zafanana sana katika neno hili. Kuua kwa kukusudia ni kumtoa mtu roho kwa tendo lisilo halali, na muuaji awe na nia mbaya. Nia hiyo si lazima iwe nia ya kuua. Aliyetaka kumjeruhi mwenziwe vibaya sana, au aliyejua ya kuwa tendo lake huenda likaleta kifo au jeraha kubwa, naye huhesabiwa kuwa na nia mbaya. Basi, mtu asemaye mbele ya jaji, "Sikutaka afe, nalitaka kumvunja miguu tu," hajajiokoa. Amejifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Nia hiyo isipokuwapo, kosa ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ni kifungo, nacho chaweza kufika kifungo cha maisha.

Lakini nani auonaye moyo wa mtu? Mwaka 1945 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Tubere, ilieleza mambo ya kutazamwa: silaha iliyotumika, namna ilivyotumika, mahali pa mwili palipojeruhiwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla ya shambulio, wakati wa shambulio, na baadaye. Majaji walikiri ya kuwa nia mbaya huonekana upesi zaidi penye mkuki au kisu kuliko penye fimbo. Hata hivyo walionya watu wasidhani ya kuwa mwenye fimbo huhurumiwa. Fimbo ya matakoni si sawa na rungu la kichwani lililorudiwa rudiwa juu ya mtu aliyekwisha kuanguka.

Sasa twafika penye kundi. Sheria yasema kwamba watu wawili au zaidi wakishirikiana nia ya kutenda jambo lisilo halali, na katika kulitenda likazuka kosa ambalo lilielekea kutokea, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Ndiyo maana korti haihangaiki sana kutafuta fimbo ya mwisho. Katika shauri la Tabulayenka la mwaka 1943, kutoka Uganda, ambamo mtu aliyeitwa mwizi alipigwa, Mahakama ya Rufani ilisema ya kuwa si lazima watu wawe wamekaa kikao na kupatana kabla. Nia yao moja yaweza kujulikana kwa kuwapo kwao, kwa matendo yao, na kwa kutojitenga na shambulio. Neno hili la kujitenga twaomba walimu walifundishe sana, maana vijana wengi hukimbilia yowe la "Mwizi!" wasijue wanaingia katika shauri la namna gani.

Hata hivyo sheria si wavu wa kukokota kila samaki. Mtu aliyesimama kando akitazama tu, hakupiga, hakuchochea, wala hakuwa mshirika wao, hahukumiwi kwa kuwapo kwake peke yake. Tena, kama watu sita walishika viboko wakitaka kumwadhibu mwizi, ghafula mmoja akachomoa kisu alichokificha na kumchoma, wale watano waweza kusema kwamba kisu hakikuwa katika shauri lao, na korti itapima neno hilo. Lakini wakikiona kisu kikitumika nao wakazidi kupiga, wamelipoteza jibu lao.

Hapa yafaa tulinganishe mashauri mawili. Mwaka 1932, Nairobi, Wakamba 70 walishtakiwa katika shauri la Kumwaka na wenzake kwa kumpiga mwanamke mpaka akafa. Walisadiki ya kuwa amemroga mke wa Kumwaka. Watu 60 walihukumiwa kifo. Korti haikukubali ya kuwa kuamini uchawi ni udhuru. (Hawakunyongwa, adhabu yao iligeuzwa kuwa kifungo.) Mwaka 1941, Uganda, Fabiano Kinene na wenzake walimkuta mtu usiku akitambaa uchi uani, wakamwua kwa njia mbaya tusiyopenda kuiandika. Nao walisadiki ya kuwa ni mchawi. Lakini Mahakama ya Rufani ililipunguza kosa lao kuwa kuua bila kukusudia.

Kwa nini? Imani ilikuwa ile ile, na kundi ni kundi. Tofauti ilikuwa katika ghafula. Watu wa Uganda walimfumania mtu pale pale katika tendo ambalo kwao lilikuwa uchawi wenyewe, hasira ikawapanda kabla moyo haujapoa. Anayemwendea mtu kwa shutuma ya tangu jana au juzi hana udhuru huo.

Siku hizi jaji wa Uganda tangu mwaka 2009, na wa Kenya tangu mwaka 2017, halazimiki kutoa hukumu ya kifo kwa kila aliyeua kwa kukusudia. Aweza kupima adhabu.

Kwa hiyo chifu au mwalimu afikaye kwanza mahali pa msiba na aandike upesi: nani alishika nini, nani alipiga wapi, nani alisema "Mwueni," nani alisema "Basi, mwacheni," na nani aliondoka wakati gani. Fimbo na mawe yasiguswe mpaka polisi wafike.