Mwenzi Wako Asipoweza Kuzuia Mkojo

Somo kwa wanaomtunza mume au mke mwenye ugonjwa wa kusahau

Katika Mikelenge na Kasuku, na ng'ambo ya Lualaba katika Alunguli, wamo wazee waliokuwa na akili nzuri, lakini sasa wanasahau majina ya watoto wao. Wengine wanapotea njia karibu na nyumba yao wenyewe. Wengi katika hao hufika mahali ambapo hawawezi tena kuzuia haja ndogo, na baadaye hata haja kubwa. Ndipo mzigo wa mke au mume unapokuwa mzito sana. Anafua kila siku, halali vizuri, tena anaona haya kuwaambia watu. Somo hili ni la kumsaidia huyo.

Jambo kubwa tunalotaka ushike ni hili: mkojo huo si kosa la mgonjwa, nao una sababu. Anayetafuta sababu na kufuata saa atapunguza shida nyingi. Anayegombeza ataongeza shida.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo. Madaktari wanauita demensia, nao una aina nyingi. Aina inayojulikana zaidi ina jina la daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alianza kumchunguza mama mmoja mwenye umri wa miaka 51, jina lake Auguste Deter. Mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli. Mama huyo alisahau mambo mengi, hata akashindwa kuandika jina lake. Mwishoni alilala kitandani tu, hakuweza kuzuia haja, akapata vidonda vya kulala. Alikufa mwezi wa Aprili 1906, na sumu ya vidonda vile iliyoingia katika damu ndiyo iliyomwua. Baada ya kufa kwake daktari alitazama ubongo wake, akaona umeharibika.

Basi fahamu mambo mawili. La kwanza, ugonjwa huu si ulozi, wala si laana, wala si ukaidi wa uzee. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 watu wapata milioni 57 duniani walikuwa nao. Wako Ulaya, wako Afrika, wako kila mahali. La pili, ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuponya kabisa, lakini utunzaji mwema wazuia madhara mengi. Kidonda cha kulala, kwa mfano, mara nyingi chaweza kuzuiwa nyumbani.

2. Kwa nini anajikojolea?

Kibofu kikijaa, hupeleka habari katika ubongo. Mtu mzima husikia habari hiyo, akangoja, akatafuta choo, akafungua nguo, kisha akakojoa. Hayo ni mambo mengi, na mwenye ugonjwa huu aweza kupotea katika lolote. Pengine hasikii habari ya kibofu. Pengine anaisikia, lakini hakumbuki choo kiko wapi, akaona pembe ya nyumba akadhani ndicho choo. Pengine anafika mlangoni, lakini vidole vinashindwa kufungua kifungo. Mtazame mwenzi wako siku tatu, ujue anashindwa wapi. Ukijua hapo, umepata nusu ya dawa.

Lakini usidhani kwamba kila mkojo unatoka katika ugonjwa wa kusahau. Ziko sababu nyingine ambazo daktari aweza kuzitibu. Uchafu ukiingia katika njia ya mkojo, mzee hukojoa mara nyingi, tena akili yake huvurugika ghafula. Ugonjwa wa sukari huleta mkojo mwingi. Kwa wanaume, tezi dume ikikua hubana njia. Kibofu kinajaa mno, na mkojo unatoka kwa matone tu. Mama aliyezaa kwa shida zamani, naye anavuja mchana na usiku, pengine ana tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Tundu hilo mara nyingi laweza kuzibwa kwa upasuaji, na Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, inajulikana sana kwa kazi hiyo. Tena kufunga choo husukuma kibofu. Dawa nyingine nazo, kama zile za usingizi au za kupunguza maji mwilini, zaweza kuongeza shida. Usiziache kwa akili yako mwenyewe. Zitie zote katika mfuko, uzilete kwa daktari azitazame.

3. Fuata saa, usingoje ajali

Hii ndiyo kazi kubwa ya mtunzaji. Usingoje mgonjwa aseme, maana hatasema. Mpeleke chooni anapoamka, baada ya kila chakula, na kabla ya kulala. Kati ya nyakati hizo, mpeleke kila saa mbili wakati wa mchana. Kama unamkuta amelowa kabla ya saa mbili, punguza, mpeleke kila saa moja na nusu. Kama anakaa mkavu, waweza kuongeza kidogo. Andika katika daftari saa alizokojoa. Kama hujui kuandika, weka alama ya makaa ukutani. Baada ya siku chache utaona kwamba mwili wake una saa zake.

Namna ya kusema nayo ni dawa. Ukimwuliza, "Unataka kukojoa?" atajibu, "Hapana," kisha atalowa. Afadhali umshike mkono, useme, "Baba, twende pamoja nje kidogo." Maneno yawe machache, tena ya upole. Akifika, mpe nafasi, usimharakishe. Akikataa, usishindane naye. Ngoja dakika kumi, uje tena.

Kwa haja kubwa, saa nzuri ni baada ya chakula cha asubuhi, kwa maana chakula kikiingia tumboni, matumbo huamka. Mpe matunda kama papai, na mboga za majani, na maji. Tena jihadhari. Mtu aliyefunga choo siku nyingi aweza kuanza kutoa mavi ya majimaji, kwa kuwa maji yanapita kando ya mavi magumu. Usimpe dawa ya kuzuia kuhara. Mlete hospitalini achunguzwe.

4. Fanya njia iwe rahisi

Nyumba nyingi zetu zina choo nyuma ya nyumba. Usiku, wakati wa mvua, njia hiyo ni hatari kwa mzee. Ondoa mawe, kuni na ndoo njiani. Funga mti mrefu au kamba ngumu toka mlango mpaka choo, apate kuishika. Funga kitambaa chekundu mlangoni pa choo, apate kukijua. Kuchuchumaa ni kazi ngumu kwa magoti ya mzee, basi mwombe seremala atoboe tundu katika kiti chenye nguvu, na chini yake weka ndoo. Kiti hicho chafaa kukaa karibu na kitanda usiku, pamoja na taa ndogo.

Nguo nazo ziwe rahisi. Mwanamume avae suruali yenye mpira kiunoni, bila mkanda wala vifungo. Mwanamke avae kikwembe kinachofunguka upesi.

5. Usimnyime maji

Watunzaji wengi hufikiri, "Asipokunywa hatakojoa." Fikira hiyo ni mbaya. Joto la Kindu ni kali. Mzee asiyekunywa hukauka mwili, hufunga choo, na mkojo wake huwa mzito, ukachoma kibofu. Ndipo anapokojoa mara nyingi zaidi, na akili inazidi kupotea. Mpe vikombe sita mpaka vinane vya maji safi kwa siku, isipokuwa daktari amekataza kwa sababu ya moyo au figo. Ampe mapema mchana yule anayemtunza, kisha apunguze saa mbili kabla ya kulala. Chai na kahawa zisinywewe jioni.

6. Kitanda, ngozi na nguo

Funika godoro kwa plastiki nzito, na juu yake tandika shuka. Juu ya shuka, mahali pa kiuno, weka kitambaa kikubwa kilichokunjwa mara nne. Akilowa, utaondoa kitambaa tu, si matandiko yote. Plastiki isiguse ngozi. Nepi za watu wazima zinauzwa, lakini bei yake si ya kila mtu. Vikwembe vya zamani, laini, vilivyokatwa na kukunjwa, vinafaa vizuri, kama vinabadilishwa mara vinapolowa.

Ngozi iliyokaa katika mkojo huharibika upesi. Kila alipolowa, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Mwanamke aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili mavi yasiingie katika njia ya mkojo. Mkaushe kwa kugusa-gusa, usisugue. Kisha paka mafuta mazito kidogo, kama Vaseline. Kila siku tazama matako, kiuno na visigino. Ukiona mahali pekundu au peusi kuliko pengine, au penye joto, hapo kidonda kinaanza. Asilalie upande huo. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili. Kumbuka yule mama wa Frankfurt.

Vitambaa vilivyochafuka, tupa mavi chooni kwanza, suuza kwa maji baridi, kisha fua kwa sabuni na uanike juani. Jua huondoa harufu na huua vijidudu vingi. Usifulie karibu na kisima wala chemchemi. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kazi.

7. Heshima ya mgonjwa

Ingawa amesahau mengi, haya hazijamtoka. Usimvue mbele ya watoto wala wageni. Usimwite mtoto. Kwa desturi zetu si kila mtu aweza kumwona mzee uchi, basi jamaa wakae pamoja na kupatana: nani atamwosha baba, nani atamwosha mama, na nani atashika zamu wakati mke au mume amechoka. Wala asifungiwe chumbani kwa ajili ya harufu. Aliyesafishwa aweza kukaa barazani na wenzake, hata kwenda kanisani, kama alikojoa kabla ya kutoka na akakaa karibu na mlango.

8. Lini umlete hospitalini?

Usingoje kesho ukiona dalili hizi:

Kwanza, ana homa, au akili imevurugika ghafula kwa siku moja au mbili. Yafaa apimwe malaria na mkojo.
Pili, hawezi kukojoa, au anatoa matone tu, na tumbo chini ya kitovu limevimba na kuwa gumu.
Tatu, mkojo una damu, au unamwuma.
Nne, kidonda kimefunguka, au kinanuka.
Tano, miguu imekuwa dhaifu ghafula, au mdomo umepinda.

Tena, mtu ambaye mwendo wake umeharibika, na kusahau kumeanza, na mkojo umeshindikana, yote matatu pamoja, achunguzwe na daktari, hata kama hana homa. Wengine wa namna hiyo wana maji yaliyozidi katika kichwa, na baadhi yao husaidiwa kwa upasuaji.

9. Wewe mtunzaji

Siku ya arusi mliahidi kutunzana katika ugonjwa. Ahadi hiyo haikusema kwamba utatunza peke yako mpaka uanguke. Hasira itakujia usiku, ukimkuta amelowa mara ya tatu. Ikikujia, mhakikishe kwanza kwamba hataanguka, weka kitambaa chini, toka nje, vuta pumzi, kisha urudi. Usimpige. Kama mkono umeanza kuinuka, hiyo ni alama kwamba lazima uombe msaada kesho yake.

Ninyi majirani na washiriki wa kanisa, msiulize tu habari za mgonjwa mkiwa njiani. Leteni sabuni. Leteni vikwembe vya zamani. Chukueni nguo mkazifue. Mmoja aketi na mgonjwa saa mbili za mchana, mtunzaji apate kulala. Msaada huo mdogo, ukirudiwa kila juma, ndio unaomwezesha mke au mume kuendelea kutunza kwa upendo.

Maswali

1. Kwa nini haifai kumgombeza mgonjwa aliyejikojolea?
2. Taja sababu tatu za mkojo ambazo daktari aweza kuzitibu.
3. Mgonjwa apelekwe chooni saa gani?
4. Mtu asipompa mzee maji, madhara gani yatatokea?
5. Unawezaje kujua kwamba kidonda cha kulala kinaanza?
6. Katika mtaa wako, nani anamtunza mwenzi mwenye ugonjwa huu? Utamsaidia kwa kazi gani juma hili?