Mguso wa Pili: Umeshafanyiwa Upasuaji, Mbona Bado Unaumwa?



Leo tunaongea na watu ambao mara nyingi hawana pa kusemea: vijana waliofanyiwa upasuaji mkubwa, wakaombewa misa, wakapokelewa nyumbani kwa vigelegele, halafu wiki mbili tatu baadaye matatizo mapya yakaanza. Tutachukua mfano mmoja, ugonjwa unaoitwa Chiari. Hata kama huna ugonjwa huu soma hadi mwisho, maana mwenye mzigo wa namna hii huenda anakaa benchi moja na wewe kanisani.

Chukua Biblia yako, fungua Marko 8:22-26, uiweke karibu.

1. Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe

Jina Chiari linatokana na Hans Chiari, daktari Mwaustria aliyefanya kazi Prague na kuueleza ugonjwa huu mwaka 1891. Nyuma ya kichwa, sehemu ya kisogoni, kuna ubongo mdogo unaotusaidia kusimama bila kuyumba na kutembea vizuri. Chini yake fuvu lina tundu ambapo ubongo unaungana na uti wa mgongo. Kwa mwenye Chiari, ncha za ubongo mdogo zinashuka na kuingia kwenye tundu hilo. Nafasi inakuwa finyu, na maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo hayapiti vizuri.

Matokeo yake ni maumivu ya kisogo yanayozidi ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua. Wengine wanapata kizunguzungu, ganzi mikononi, au shida ya kumeza. Wengine maji yanajikusanya ndani ya uti wa mgongo wenyewe. Kuna aina inayowapata watoto waliozaliwa na mgongo wazi, lakini kuna aina nyingine ambayo mtu anaweza kuishi nayo kimya na kuja kuigundua akiwa kijana au mtu mzima.

Upasuaji wake ni wa kupanua nafasi. Daktari anaondoa kipande kidogo cha mfupa wa kisogo, mara nyingi na sehemu ya nyuma ya pingili ya kwanza ya shingo. Pengine anafungua pia utando unaofunika ubongo na kuushonea kiraka ili uwe mpana zaidi.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Lengo kuu la upasuaji huu ni kuondoa mgandamizo na kuzuia hali isizidi kuwa mbaya. Wengi wanapata nafuu kubwa. Lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kuumia huenda isirudi yote kama zamani. Tena mshono unaweza kuvujisha maji, kidonda kinaweza kupata maambukizi, maji yanaweza kujaa kichwani, na maumivu ya kichwa yanaweza kubaki au kurudi. Hapo ndipo maswali yanapoanza. "Si niliombewa? Si nilifanyiwa upasuaji? Kwa nini mimi?"

2. Mtu aliyepona nusu

Twende Bethsaida. Yesu anamshika kipofu mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anatazama. Anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Yaani ameguswa na Bwana mwenyewe, na bado haoni sawasawa!

Angalia mambo matatu.

Kwanza, anayeuliza ni Yesu. Hakumgusa na kuondoka zake. Alitaka kujua hali ya mgonjwa baada ya mguso.

Pili, yule mtu hakudanganya. Angeweza kusema, "Naona vizuri Bwana, asante sana," ili asimwaibishe mponyaji mbele za watu. Wagonjwa wengi tunafanya hivyo. Watu wamechanga, wamesali novena, wamekesha hospitali, sasa utawaambiaje bado unaumwa? Unatabasamu tu. Huyu alisema anachokiona, na kilikuwa nusu.

Tatu, Yesu hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwekea mikono tena. Ukweli wake ndio uliofungua njia ya mguso wa pili.

Hilo ndilo somo letu la leo: kusema kwamba bado hujapona si kukosa imani. Mara nyingi ndiko kunakofungua njia ya msaada unaofuata.

3. Sababu na maana

Tuliosoma falsafa tunafundishwa mapema kutofautisha maswali yanayofanana kwa nje. "Kwa nini mshono unavuja?" ni swali la sababu, na jibu lake liko kwenye utando, nyuzi na presha ya maji. "Nitaishije na jambo hili mbele za Mungu?" ni swali la maana. Shida inakuja tunapoyachanganya. Mtu anauliza la kwanza, anajibiwa kwa dhambi ya babu, jicho baya la jirani, au imani ndogo ya mgonjwa.

Katika Yohana 9 wanafunzi walifanya mchanganyiko huohuo. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua nani ametenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Kwa hiyo ukiambiwa uache kliniki kwa sababu tatizo lako "si la hospitali", simama imara. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinafundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na hapohapo kinamwelekeza mgonjwa asali. Sala na dawa havigombani.

4. Sema unachokiona, na useme mapema

Ukweli wa kipofu wa Bethsaida tunauingiza maishani hivi. Kama wewe au ndugu yako amefanyiwa upasuaji wa Chiari, rudini hospitali haraka mkiona dalili hizi:

- Maji meupe yanatoka kwenye mshono au puani, au uvimbe wa maji unaongezeka kisogoni.
- Homa, shingo kukakamaa, mwanga kuumiza macho.
- Kidonda kuwa chekundu, cha moto, au kutoa usaha.
- Kichwa kuuma zaidi ukikaa au kusimama, na kupata nafuu ukilala.
- Kutapika mfululizo, usingizi usio wa kawaida, kuchanganyikiwa.
- Udhaifu mpya wa mkono au mguu, shida ya kumeza au kupumua.

Usisubiri novena iishe ndipo uende. Sali ukiwa njiani. Matatizo mengi kati ya haya yana tiba: pengine kuongeza nyuzi, kupunguza maji kwa mrija, dawa za maambukizi, au kurudi chumba cha upasuaji.

Kwa maumivu yanayodumu, andika kwenye daftari: yalianza saa ngapi, ulikuwa unafanya nini, nini kiliyapunguza. Daktari akiuliza "unaendeleaje?" usijibu "namshukuru Mungu" ukaishia hapo. Mshukuru Mungu, halafu fungua daftari.

5. Kanisa linaujua mguso wa pili

Vijana wengi wanadhani Mpako wa Wagonjwa ni wa kukata roho. Padre akiingia wodini na mafuta, ndugu wanaanza kulia. Hapana! Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inafundisha kwamba inafaa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa. Tena hali ikizidi kuwa mbaya katika ugonjwa uleule, unaweza kurudiwa. Umeona? Kanisa lenyewe halishangai kwamba mgonjwa anaweza kuhitaji kuguswa tena. Mpigie paroko bila aibu.

Mfano ni Mtakatifu Yohane Paulo II. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, akafanyiwa upasuaji, akaruhusiwa mwanzoni mwa Juni. Tarehe 20 Juni akarudishwa hospitali kwa maambukizi ya virusi, na Agosti akafanyiwa upasuaji mwingine. Hakuna aliyesema Papa hana imani. Februari 1984 alitoa barua yake juu ya maana ya mateso ya mwanadamu, Salvifici Doloris. Aliyeiandika alijua kulazwa, kuruhusiwa, na kurudi tena wodini.

6. Na kama mguso wa pili hauondoi yote?

Hapa tusidanganyane. Kuna atakayebaki na ganzi vidoleni, au kichwa kinachouma kila msimu. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 12, aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Aliahidiwa neema ya kumtosha. Neema hiyo haikufanya mwiba usichome. Ilimfanya Paulo aendelee na kazi akiwa na mwiba.

Kwako inaweza kumaanisha kusoma nusu saa, kupumzika, kisha kuendelea. Inaweza kumaanisha kukaa wakati wengine wamesimama misani, na kuacha kubeba ndoo bila kujiona mvivu. Siku ambazo huwezi kusali rozari nzima, sali fumbo moja. Na ukiona huzuni inakuzidi, umekosa usingizi, umechoka kuishi, mwambie mtu siku hiyohiyo: mzazi, padre, sista, daktari. Hilo nalo ni kusema unachokiona.

Nanyi wenzangu wa VIWAWA, TYCS na jumuiya ndogo ndogo, acheni ile ya "si ulishapona wewe?" Ulizeni kama Yesu alivyouliza, mkiwa tayari kusikia jibu la nusu. Kisha msindikizeni kliniki, mchangieni nauli, mfulieni nguo.

Maswali ya kutafakari

1. Je, kuna maumivu ninayoyaficha ili nisiwavunje moyo walioniombea?
2. Ni nani alirudi kutoka hospitali, nami sijawahi kumwuliza tena?

Tusali

Bwana Yesu, uliyemwuliza kipofu kama anaona, niulize na mimi leo. Nipe ujasiri wa kukujibu ukweli. Uwabariki madaktari na wauguzi wanaonishughulikia, uwape subira wanaonitunza nyumbani. Niwekee mikono tena, na pale maumivu yanapobaki, ubaki nawe pamoja nami. Amina.