Kagua Nafasi ya Barua Pepe Yako Kabla ya Kutuma Ombi la Kazi

Umetuma ombi la kazi, basari au zabuni, na anwani yako ya barua pepe umeiandika bila kosa. Wiki zinapita. Wenzako wanasema wameitwa kwenye mahojiano, lakini wewe hujapata kitu. Huenda barua yako ilitumwa, ikarudishwa kwa sababu akaunti yako ilikuwa imejaa.

Barua ikikosa kufika, anayearifiwa ni aliyeituma, si wewe. Mara nyingi aliyeituma ni mfumo wa kompyuta unaotuma barua kwa mamia ya watu kwa pamoja, hivyo hakuna atakayekupigia simu. Ndiyo maana tunawahimiza wakazi wajifunze kukagua nafasi iliyobaki. Ni kazi ya dakika chache, na gharama yake ni bando tu.

Nafasi hujazwa na nini?

Ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na gigabaiti moja ni takriban megabaiti 1,000. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15. Wengi hudhani nafasi hiyo yote ni ya barua za Gmail. Sivyo. Gmail, Google Drive na Google Photos zinaitumia kwa pamoja. Tangu Juni 1, 2021, picha na video mpya zinazohifadhiwa kwenye Google Photos huhesabiwa humo. Kwa wenye simu za Android, nakala ya mazungumzo ya WhatsApp inayohifadhiwa Google nayo ilianza kuhesabiwa mwaka wa 2024.

Kwa hivyo, hata kama hupokei barua nyingi, video za harusi na za vikundi vya WhatsApp zinaweza kuifungia njia barua ya mwajiri. Akaunti ikijaa kabisa, huwezi kutuma wala kupokea barua.

Jinsi ya kukagua akaunti ya Gmail

1. Fungua Gmail kwenye simu, kisha bonyeza picha yako au herufi ya jina lako iliyo juu upande wa kulia. Utaona asilimia ya nafasi uliyokwisha kutumia.
2. Ukitumia kompyuta, shuka hadi chini ya orodha ya barua zako. Kiasi kilichotumika kimeandikwa hapo.
3. Kuona ni kipi kinachokula nafasi zaidi kati ya barua, picha na faili, andika one.google.com/storage kwenye kivinjari.

Ukiona umepita asilimia 80, usingoje ijae.

Jinsi ya kupata nafasi

Anza na barua zenye viambatisho vikubwa. Kwenye sehemu ya kutafuta ya Gmail, andika has:attachment larger:10M. Utaletewa barua zinazozidi megabaiti 10. Hifadhi kwingine vyeti, risiti na mikataba unayohitaji, kisha futa zilizobaki.

Hapo hujamaliza. Barua uliyofuta hukaa kwenye kapu la taka, lililoandikwa "Trash" au "Bin", kwa siku 30, na muda huo wote bado inahesabiwa. Fungua kapu hilo ulimwage.

Kuwa mwangalifu na picha. Ukifuta picha ndani ya Google Photos, inaweza kuondoka kwenye simu pia. Inakili kwanza kwenye kompyuta au flashi.

Na kompyuta je?

Nafasi ya kompyuta ni ghala tofauti. Kufuta faili kwenye kompyuta hakuongezi nafasi ya Gmail. Lakini kompyuta iliyojaa huwa nzito, na inaweza kukataa kuhifadhi barua yako ya maombi.

Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza alama ya folda ya manjano, kisha "This PC". Utaona mstari unaoonyesha nafasi ya diski iliyoandikwa C. Mstari ukiwa mwekundu, jua nafasi imebaki chini ya asilimia 10. Kwa maelezo zaidi, fungua "Settings", "System", kisha "Storage". Angalia pia folda ya "Downloads", kwa kuwa humo ndimo hurundikana faili zilizopakuliwa na kusahaulika. Baada ya kufuta, mwaga "Recycle Bin".

Tahadhari na matapeli

Matapeli hutuma barua zinazodai kwamba akaunti yako imejaa na itafungwa leo usipobonyeza kiungo fulani na kuandika nenosiri. Usikibonyeze. Fungua akaunti yako mwenyewe na ukague kwa hatua zilizo hapo juu. Ukiwa kwenye saiba, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka.

Kabla ya ombi lako lijalo, fanya jaribio hili: kagua asilimia, futa viambatisho vikubwa, mwaga kapu la taka, kisha mwombe jamaa au rafiki akutumie barua moja. Ikifika, tuma ombi lako. Rudia ukaguzi huo kila mwezi unapoendelea kusubiri majibu.