Thawabu Hazifuti Ujira



Katika nyumba zetu nyingi mna mwanamke asiyetajwa. Ndiye amwogeshaye mzazi wetu asiyeweza kuinuka, ndiye amlishaye kwa kijiko, ndiye aamkaye usiku kumgeuza ubavu. Mwisho wa mwezi ukifika huambiwa angoje. Akidai hujibiwa: "Wewe ni kama mwanetu, na kazi hii ina thawabu kubwa."

Twasema: hayo ni maneno ya kweli yaliyotumiwa kwa dhulma. Thawabu hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Ujira ni deni juu ya mwenye kuajiri, wala hana ruhusa ya kulipa deni lake kwa hazina isiyokuwa yake.

Tuizingatie Suratut-Talaq, Aya ya 6. Humo waume wameamriwa kuwapa ujira wao wake waliowaacha, wakiwanyonyeshea watoto. Ni nani mwenye huruma na mtoto kuliko mama aliyemzaa? Basi ikiwa mapenzi ya mama hayakuiondoa haki ya ujira wake, vipi wema wa mtumishi uiondoe haki yake?

Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi wameshurutiza ujira ujulikane tangu mwanzo. Usipojulikana, mapatano hayo ni fasidi, na aliyefanya kazi hustahiki kulipwa kadiri walipwavyo wenziwe. Kusema "tutaonana mwisho wa mwezi" si mapatano.

Wako wasemao: "Kwetu hula na hulala." Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yamlazimisha mwajiri kutoa makao, au kodi yake, juu ya mshahara, na siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 zenye malipo kila mwaka. Ni aibu kwetu kukumbushwa na sheria ya serikali, hali Mtume (s.a.w.) alikwisha kutuusia kwamba mfanya kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Basi kila msomaji na ajihesabu leo: aliahidi nini, amelipa nini, anadaiwa miezi mingapi? Alipe bila ya kungoja Ramadhani, wala asiuhesabu mshahara huo kuwa ni zaka yake. Deni si sadaka. Dua ya mzee wetu twaitaka. Tusiichanganye na malalamiko ya anayemwuguza.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.