Kitoto cha sungura cha wiki nne: bei ndogo, hasara kubwa

SUNGURA ni moja ya biashara chache za mifugo ambazo mkazi wa Iringa anaweza kuzianza bila kukopa. Majike mawili, dume moja, banda la mbao lililoinuliwa juu ya ardhi na majani ya shambani vinatosha. Jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, huzaa vitoto sita, saba au nane, na anaweza kupandwa tena muda mfupi baada ya kuzaa. Ukipiga hesabu kwa kalamu tu, hakuna amana ya benki inayozaa kwa kasi hiyo.

Hata hivyo si wachache wanaonunua vitoto vinne au sita vya kuanzia na baada ya wiki moja wakabaki na banda tupu. Wengi husema biashara ya sungura ina mkosi. Ukifuatilia, mara nyingi tatizo ni tarehe. Vitoto viliuzwa kabla havijaacha kunyonya sawasawa, na aliyeviuza alilijua hilo, au hakutaka kulijua.

Tosamaganga ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Eneo hilo lipo kilometa 15 hivi kutoka mjini Iringa, upande wa Kalenga. Misheni yake ya Kikatoliki ilianzishwa na Wabenediktini kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikaendelezwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Kuna hospitali, kuna shule, na kwa hiyo kuna watu wenye mshahara. Hali ya hewa ni ya baridi, nayo humfaa sungura mkubwa kuliko joto la pwani. Barabara kuu ya kwenda Mbeya haiko mbali, na hivyo mfugaji hategemei majirani peke yao. Mteja anaweza kutoka Iringa mjini, Makambako au Mbeya, na hata Dar es Salaam, karibu kilometa 500.

Umbali huo ndio unaofichua udhaifu wa bidhaa. Kitoto cha wiki nne kinaweza kuruka na kuchezacheza mbele ya mnunuzi saa mbili asubuhi. Saa sita kiko ndani ya boksi chini ya kiti cha basi. Usiku kinalala katika banda geni, bila ndugu zake, na mbele yake kuna chakula ambacho hakijapata kukiona. Hata kitoto kilichokomaa huyumba kwa mabadiliko hayo, sembuse ambacho jana yake kilikuwa kinanyonya.

Tumbo halijakomaa

Kitoto cha sungura huzaliwa kipofu na bila manyoya. Hufumbua macho kikiwa na siku 10 hadi 12, na kuanzia wiki ya tatu huanza kutoka kiotani na kutafuna majani ya mama yake. Hapo muuzaji mwenye haraka husema, "Kinakula, kwa hiyo kimeacha ziwa." Si kweli. Kutafuna na kuacha kunyonya ni mambo mawili tofauti, na kati yake kuna wiki kadhaa.

Katika wiki hizo tumbo linabadilishwa kazi. Kwa sungura mkubwa, tumbo lina asidi kali inayoua vijidudu vingi vinavyoingia na chakula. Kwa kitoto kinachonyonya asidi hiyo bado ni hafifu, na ulinzi wake hutokana na maziwa, ambayo mafuta yake yakishasagwa tumboni huzuia vijidudu hatari kuongezeka. Ukiondoa maziwa ghafla kabla asidi haijashika nafasi yake, mlango unabaki wazi pande zote mbili. Wakati huohuo utumbo unajenga jamii ya vijidudu vyema vya kuchachusha nyuzinyuzi za majani, na kitoto kinajifunza kula kile kinyesi laini ambacho sungura hukirudia ili kupata lishe iliyobaki. Yote hayo hayamalizwi kwa siku tatu.

Matokeo yake ni kuhara. Dalili huanza siku ya tatu, ya nne au ya tano baada ya mauzo: kitoto kinajikunyata pembeni, tumbo linajaa, manyoya ya nyuma yanalowa, na kesho yake kimekufa. Wakati mwingine kuna koksidia, vimelea wa utumbo na ini ambao sungura wakubwa huwabeba bila kuugua na ambao huwashambulia zaidi vitoto vilivyodhoofika.

Mnunuzi anapopiga simu huambiwa, "Ndugu yangu, ulivipa majani yenye umande." Umande hausingiziwi bure kabisa, maana banda bichi na majani yaliyorundikwa mpaka yakachacha huleta madhara. Lakini ukweli ni kwamba kitoto kilichoachishwa vizuri hakiangushwi na umande wa asubuhi moja.

Juhudi za kuokoa nazo huongeza hasara. Wengine hukimbilia maziwa ya ng'ombe. Maziwa ya sungura yana mafuta na protini kiasi cha mara tatu ya yale ya ng'ombe, na sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache. Kikombe cha maziwa ya dukani hakiwezi kuziba pengo hilo. Wengine hununua amoksilini kwenye duka la dawa na kuinywesha. Hilo ni baya zaidi: dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya utumbo wa sungura na zinaweza kumaliza hata wakubwa.

Hesabu ya muuzaji

Kwa nini basi mfugaji auze mapema? Kwa sababu ana sababu za kifedha, na si haki kumwita mwizi kabla ya kuzisikia. Baada ya wiki ya tatu maziwa ya jike huanza kupungua na vitoto huanza kula chakula chake. Jike akipandwa tena mapema, banda lazima liwe wazi ifikapo siku ya 28 hivi ili ajiandae kuzaa upya. Banda la pili la kukuzia vitoto hagharimiwi na mtu mwingine. Shule zikifunguliwa, sare na daftari hazisubiri wiki nane. Na mnunuzi mwenyewe huchangia, kwa kuwa hupenda kile kidogo kinachoenea kiganjani, na kwa bei ya chini.

Tuchukue mfano wa bei za kufikirika, msomaji aweke za kwake. Mfugaji ana vitoto sita. Akiviuza vikiwa na wiki nne kwa sh. 5,000 kila kimoja, anapata sh. 30,000 leo. Akivikuza hadi wiki nane, kila kimoja kitakula karibu kilo mbili za chakula kikavu. Tuseme kilo ni sh. 1,000, jumla ni sh. 12,000. Tuseme pia kimoja kinakufa mikononi mwake. Vitano vilivyobaki akiviuza kwa sh. 9,000 anapata sh. 45,000, na akitoa chakula anabaki na sh. 33,000. Akiviuza kwa sh. 10,000 anabaki na sh. 38,000. Kama sehemu ya chakula ni majani ya shamba lake mwenyewe, nafasi inapanuka zaidi.

Tofauti ya sh. 3,000 au 8,000 kwa mwezi mzima wa kulisha na kufagia si utajiri, na hapo ndipo wengi huona heri kuuza leo. Lakini hesabu hiyo imekatwa katikati kwa sababu haijamhesabu mnunuzi.

Hesabu ya mnunuzi

Mnunuzi wa vitoto vile sita vya sh. 5,000 ametoa sh. 30,000. Vitatu vikifa, kila kilichobaki kimemgharimu sh. 10,000, yaani bei ileile ya kitoto cha wiki nane, kabla ya kuongeza nauli, chakula kilichotupwa na wiki nne za kusubiri. Vikifa vinne, kila kimoja kilichopona kimefika sh. 15,000. Kwa lugha ya wanabiashara, bei ya kununulia si gharama ya bidhaa. Gharama ni fedha zote zilizotoka, ukizigawa kwa vitoto vilivyo hai baada ya wiki tatu.

Kuna hasara nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya jinsia. Kutambua dume na jike kwa kitoto cha wiki nne ni kazi ya mwenye uzoefu, na hata yeye hukosea. Kikifika wiki nane ni rahisi zaidi. Mtu aliyenunua "jike na dume" wa wiki nne anaweza kukaa miezi mitano akisubiri uzao wa madume wawili wanaoraruana. Hakuna kilichokufa, lakini mtaji umelala muda wote huo.

Soko linalotegemea wageni

Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni nyepesi. Muuzaji anajua gari ni bovu, mnunuzi hajui. Mnunuzi akijihami hutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri haoni faida katika bei hiyo, analirudisha nyumbani, na sokoni yanabaki mabovu. Bei inashuka tena.

Weka kitoto cha sungura mahali pa gari. Umri wake anaujua aliyekuwepo siku ya kuzaliwa. Uzito hausaidii sana, kwa kuwa kitoto cha New Zealand White cha wiki nne kinaweza kulingana na cha kienyeji cha wiki sita. Mnunuzi aliyeunguzwa mara moja hatoi sh. 10,000 kwa kitoto chochote, hata kile cha mfugaji mwaminifu aliyesubiri wiki nane. Basi mfugaji huyo naye anaanza kuuza mapema. Ugonjwa wa banda moja umekuwa ugonjwa wa bei ya eneo zima.

Kwa sungura jambo hili ni zito kuliko kwa kuku, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha inayozunguka hutoka kwa wafugaji wapya wanaonunua mbegu, na walaji wa nyama bado ni wachache. Kenya ililiona hilo katika miaka ya 2010. Hamasa ya ufugaji wa sungura ilipanda, vitoto vikauzwa na kununuliwa baina ya wafugaji wenyewe, kisha wengi wakakwama walipotafuta mlaji wa nyama. Soko la namna hiyo haliwezi kumpoteza mgeni mmoja na kuvumilia. Kila banda linalobaki tupu Makambako au Mbeya ni mteja ambaye hatarudi kuchukua dume mpya, na jirani zake watano wamesikia.

Sheria haimwachi mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inagusa ubora na ufaafu wa kinachouzwa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Huko Marekani baadhi ya majimbo yamekwenda mbali zaidi na kukataza kuuza sungura wa chini ya wiki nane. Lakini ni nani atakayepanda basi kwenda mahakamani kwa ajili ya sh. 20,000? Ulinzi wa kweli uko mlangoni mwa banda, kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Mlangoni mwa banda

Jambo la kwanza la kuuliza ni tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kutenganishwa na mama, kisha bei. Tarehe hizo mbili zisiwe moja na siku ya mauzo. Kitoto kinachotolewa kwa mama yake mbele ya mnunuzi hakijaachishwa, kimenyang'anywa. Mfugaji mzuri huachisha kikiwa na wiki tano au sita, na humwondoa mama, si vitoto. Vitoto hubaki pamoja katika banda walilolizoea, kwa chakula kilekile, wiki mbili nyingine. Anayepita hapo akiwa mzima ndiye anayestahili bei.

Mwenye kadi ya banda iliyoandikwa siku ya kupandwa, siku ya kuzaa na idadi ya waliozaliwa aaminiwe zaidi ya mwenye maneno mazuri. Kadi hiyo ni kipande cha boksi na kalamu, na yafaa iwe imechafuka kidogo. Kadi mpya kabisa yenye wino wa rangi moja toka juu hadi chini nayo ina lake la kusema.

Kisha kitoto kiwekwe chini na kupewa majani. Kile mbele yako, kinywe maji bakulini. Nyuma pawe pakavu, tumbo lisiwe gumu kama ngoma. Mnunuzi aombe, na alipie ikibidi, chakula cha wiki moja cha banda lilelile, akichanganye na chake kidogo kidogo. Safari iwe ndani ya boksi lenye matundu na nyasi kavu, vitoto viwili au zaidi pamoja. Juni hadi Agosti, usiku wa Iringa unapouma, wasishushwe stendi saa nane za usiku.

Njia nyingine, inayofaa pande zote mbili, ni malipo ya awamu. Mnunuzi anatoa robo ya bei vitoto vikiwa na wiki nne na kuchagua vyake, navyo vinawekwa alama ya rangi sikioni. Mfugaji anapata fedha ya sare na daftari bila kuvitoa bandani. Robo tatu zinalipwa wiki ya nane, kwa vilivyo hai tu, na karatasi moja yenye saini mbili inakaa kwa kila mmoja.