Kipa, amua kabla krosi haijapigwa

Penalti hupigwa kutoka mita 11. Mpira ukienda kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde, unafika langoni kabla nusu sekunde haijaisha, na jicho pekee hula karibu sekunde 0.2 kabla mwili haujaanza kuitika. Kinachobaki hakitoshi kuwaza. Nimedaka mchangani kwa miaka, sasa nawanoa makipa wa mtaani, na siku ya kwanza huwaambia neno lisilowapendeza: wepesi hautoki kwenye miguu tu, unatoka kwenye kupunguza machaguo mapema.

Mwaka 1952 Mwingereza William Hick alilipima jambo hili kwa taa na vibonyezo. Taa zilipoongezwa, watu walichelewa zaidi kubonyeza, ingawa vidole vilikuwa vilevile. Sasa mtazame kipa anayesubiri krosi: adake, apige ngumi, atoke, abaki? Anapomaliza kujiuliza, mpira uko wavuni.

Mimi suala la kudaka au kupiga ngumi nalimaliza winga akiwa bado anakokota. Boksi dogo likijaa watu, ni ngumi. Likiwa wazi, nadaka. Halafu naangalia mguu. Winga wa kulia akitumia mguu wa kushoto, mpira utajikunja kuja golini, basi sijisogezi mbele sana. Akitumia wa kulia, utajikunja kunikimbia. Ukivuka boksi dogo ni wa mabeki. Limebaki swali moja, kutoka au kubaki, na jibu lake nalitoa kwa kelele: "Kipa!" natoka, "Toa!" nabaki. Ukishapaza sauti usigeuke. Kipa aliyesita katikati ya njia hana goli wala mpira.

Mazoezini sipendi mtindo wa kocha kupuliza filimbi ili kipa aruke. Kwenye mechi hakuna filimbi inayokwambia uruke. Kuna bega la winga, kuna hatua yake ya mwisho. Kwa hiyo naweka winga, mshambuliaji na beki wa kweli, na winga yuko huru kupiga krosi au kurudisha pasi nyuma. Kisha nakoleza: mguu unapogusa mpira, kipa anafumba macho na kutaja mpira utaangukia wapi. Mwanzoni huwa ni kichekesho. Baadaye wanaanza kupatia, na hapo ndipo miguu inaonekana myepesi.

Kwenye penalti kuna chaguo ambalo vijana hawalihesabu kabisa: kusimama. Utafiti wa mwaka 2007 uliochambua penalti 286 ulikuta karibu asilimia 29 zilipigwa katikati, wakati makipa walibaki pale kwa asilimia 6 hivi. Liweke akilini kabla mpigaji hajaanza kukimbia. Ila uwe na uso mkavu, maana mchangani mashabiki husimama nyuma kabisa ya goli, na ukifungwa umesimama utaitwa mlingoti hadi ligi iishe.