Kipande Kilichookotwa Ndani ya Injini ya Pikipiki Iliyotumika

Mnunuzi wa pikipiki iliyotumika hushauriwa kubadilisha oili ya injini mapema. Hapo ndipo baadhi ya wanunuzi hukuta, katikati ya oili nyeusi, kipande kidogo cha chuma ambacho hawakukitarajia. Aghalabu fundi hukitazama, hukitupa, hujaza oili mpya na kusema chombo kiko salama. Mtumiaji asikubali kitupwe. Hicho ni kielelezo, na huenda kikawa kielelezo pekee atakachokuwa nacho.

Tuchukue mfano wa kipete cha waya mgumu, chenye upana unaokaribia ukucha wa kidole gumba. Katika pikipiki nyingi za silinda moja zinazobeba abiria nchini Tanzania, pistoni hushikwa na pini, na pini hiyo huzuiwa isitoke kwa vipete viwili, kimoja kila upande. Wakati wa kubadilisha pistoni, fundi asiyeziba mdomo wa kasha la injini kwa kitambaa safi anaweza kudondosha kipete kikaingia chini. Asiye na subira ya kukitafuta huweka kingine, hufunga injini, na mteja huondoka bila kuambiwa lolote.

Kwa hiyo vipete vilivyomo vinapaswa kuhesabiwa. Silinda ikiinuliwa na vikaonekana viwili mahali pake, kile cha tatu ni masalia ya kazi ya zamani: injini imewahi kufunguliwa, hata kama muuzaji alisema vinginevyo. Kikionekana kimoja tu, basi kilichookotwa kimechomoka kwenye pini, nayo pini inaweza kukwangua ukuta wa silinda. Injini ya namna hiyo isiwashwe tena, hata kwa safari fupi ya kwenda gereji nyingine, kwani inaweza kukwama ghafla na gurudumu la nyuma likajifunga barabarani.

Vipande vya aina nyingine navyo vina asili yake. Kisichovutwa na sumaku, chenye rangi ya fedha, yaelekea ni aluminiamu ya pistoni au ya kasha. Jino la gia huvutwa. Unga laini wa kijivu, ukiwa kidogo, si ajabu kwa injini yenye umri.

Kabla injini haijafunguliwa zaidi, kipande kipigwe picha kikiwa bado kwenye beseni, na namba ya injini ipigwe picha pia. Fundi aandike alichokikuta, tarehe na kilomita zilizosomwa. Kisha muuzaji aarifiwe kwa maandishi na apewe nafasi ya kuwapo injini inapofunguliwa. Ujumbe wa simu unafaa, mradi usifutwe. Hatua hii hurukwa na wengi, nao huijutia. Injini ikishatengenezwa, muuzaji atadai kwamba kipande kilidondoshwa na fundi wa mnunuzi, na itakuwa vigumu kumkanusha.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana maneno "injini haijawahi kufunguliwa" yanapaswa kuandikwa kwenye stakabadhi au hati ya mauziano. Stakabadhi yenye bei tupu haimsaidii sana mnunuzi. Akinunua kwa jirani asiye mfanyabiashara, hati hiyo huwa na uzito zaidi. Aliyeambiwa wazi kwamba injini imefunguliwa, akapunguziwa bei kwa sababu hiyo, hawezi kulalamika kwamba imefunguliwa. Na pale mmiliki mwenyewe alipompeleka pikipiki fundi aliyeacha kipete ndani, madai yanamhusu fundi kwa kazi aliyolipwa.

Malalamiko yaanze kwa muuzaji, apewe muda uliotajwa wa kujibu. Asipojibu, suala linaweza kuwasilishwa Tume ya Ushindani au mahakamani. Mlalamikaji aje na hati ya mauziano, picha, maandishi ya fundi na kipande chenyewe ndani ya mfuko, kikiwa na oili yake, bila kuoshwa kwa petroli.